Beringi za Tela la Danstan

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Danstan wa Runazi alikonda kweli, tena kwa sababu ya gari la mtu mwingine.

Usimcheke. Prado yake ilikuwa imetembea kilomita laki nne na ushee, nyingi kati ya hizo ikivuta tela la mahindi na mihogo kupeleka soko la Biharamulo, na haikuwahi kulala njiani. Fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Wengine husubiri kilomita elfu tano. Yeye alihesabu elfu nne, maana gari la kuvuta huchoka upesi. Hapo alitandika gunia uvunguni, akamwaga oili, akabadilisha filta, na oili ya gia boksi akainusa kama mama anavyonusa maziwa ya jana. Tela nalo alilivua magurudumu, akaosha beringi kwa mafuta ya taa, akazishindilia grisi mpya kwa kiganja. Moshi ulitoka kidogo, sawa. Uzee ni uzee.

Ndipo akaja Benedicto. Kijana wa juzi tu, jamani! Prado nyeupe, tela la bluu, redio inasikika mpaka kanisani. Kipya kinyemi ingawa kidonda: wenye mizigo wakamhama Danstan mmoja mmoja. Kila jioni, akitoka safari, Benedicto aliingiza gari na tela mtoni mpaka maji yakafunika nusu ya magurudumu, akasugua vyote vikang'aa.

"Huyu anaosha, hatunzi," Danstan alimwambia mkewe, Deodata. Lile gari jeupe lilipopita, akakisukuma kando kikombe chake cha chai.

Hayo angeyameza. Lakini binti yake Joan akaposwa Murukulazo, kule Ngara, na kamati ya harusi ikakaa. Kwao wazazi hawamsindikizi binti siku anayoondoka. Danstan alikuwa amejipa moyo kwamba walau gari lake litakwenda badala yake, mdogo wake akiliendesha.

"Bibi harusi na vyombo vyake, kitanda, kabati na masufuria, watabebwa na Benedicto," mwenyekiti akasoma. "Gari la Mzee Danstan litakuwa la akiba."

La akiba! Danstan akamgeukia binti yake. Joan akainamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Shuleni waliniita mtoto wa moshi. Siku hiyo moja tu, nataka kutoka na gari jeupe."

Usiku ule hakula. Deodata akambembeleza, wapi! Mtu mzima na mvi zake alikuwa anamwonea wivu kijana, na kujua hivyo hakukumpunguzia chochote.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, nani akaingia uani? Benedicto, na gari, na tela.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Danstan akajibu, meno yamebana.

"Joan amesema halitoki mpaka wewe ulipitie. Mimi naenda mjini kuchukua suti. Funguo hizi hapa."

Ebo! Akaondoka anapiga mluzi.

Danstan akatandika gunia. Oili ilikuwa nyeusi kama masizi, akaibadilisha. Akatazama breki, akajaza maji ya rejeta. Alitafuta ubovu kwa hamu, tusifichane, na kwenye gari hakuupata. Akahamia kwenye tela. Akapiga jeki, akazungusha gurudumu la kushoto. Likasaga.

Alipolifungua hakukuta grisi. Alikuta uji wa kutu. Beringi ikitoka safari imechemka, kisha ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hunyonya maji, na Benedicto alikuwa amezinywesha zake kila jioni. La kulia lilikuwa hivyo hivyo. Beringi hizi zisingemaliza vilima vya Ngara. Gurudumu lingechomoka mteremkoni, na tela lingelivuta gari jeupe mpaka korongoni, Joan akiwa ndani.

Na moyo wa Danstan ukaruka kwa furaha! Nasema furaha, simsingizii. Akaikamata beringi mbovu, akainuka. Angeiweka juu ya meza ya mwenyekiti sasa hivi. Nani wa akiba sasa?

Joan akatokea nyumba ya nyuma na utepe mweupe, akaanza kuupima kwenye boneti la Benedicto. Akaufunga, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, akacheka peke yake. Hakuwa amecheka hivyo tangu kikao cha kamati.

"Baba, utepe unapendeza, eh?"

Danstan akafumba kiganja, kutu ikamchafua vidole.

"Unapendeza, mwanangu."

Akapiga simu duka la vipuri mjini. Saizi ile hakuna, wakamwambia, labda Jumatatu. Basi akaliendea tela lake mwenyewe, akalipandisha juu ya mawe, akachomoa beringi zake nzima, za saizi ile ile, akazishindilia grisi, akazifunga kwenye tela la Benedicto. Aliyazungusha yale magurudumu, yakaenda kimya, na kimya kile kilimuuma.

Jioni akamkabidhi kijana funguo. "Tela usiliingize tena mtoni," alisema, basi.

Jumamosi, baada ya Misa, wageni wakajaa uani, na tela la Danstan liko juu ya mawe, miguu wazi.

"Mzee, la akiba limekufa kabla ya safari?" Benedicto akauliza ndani ya suti yake, na watu wakaangua kicheko. Danstan akacheka nao, kicheko cha mtu anayeng'olewa jino. Kisha gari jeupe likaondoka na mwanawe, kwa vigelegele.

Kabla giza halijaingia, simu ikalia.

"Baba, tumefika! Vilima vyote vile, tela halikulia hata mara moja. Baba mkwe ameshangaa, anauliza fundi wake ni nani."

Deodata, aliyekuwa amemfulia suruali yenye grisi na kutu, akasogea karibu. "Mwambie," akanong'ona. "Baba Joan, mwambie basi."

Danstan akasikia ngoma upande wa pili wa simu, na katikati yake sauti ya Benedicto akishangiliwa. Wivu ukamchoma upya.

"Waambie ni Benedicto," alisema. "Gari lake analitunza mwenyewe."