Lagi ya Kebo Kubwa

Jeconia Odhiambo alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha katani nje ya Thika. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo Mkikuyu asiye na kitabu cha pasi alikamatwa, alifanya kazi na Gachanja, Mkikuyu wa Ruiru. Kila mara, kabla ya kuwasha taa ya kuchomea, Jeconia alimwamuru avue koti.

"Lehemu ikikurukia, utamwambia nini mkeo, Mama Waweru?"

"Nitamwambia Mjaluo ameniunguza kwa wivu, omera. Kwao hawajui koti." Hilo omera, yaani ndugu, alikuwa amelichukua katika Kijaluo cha Jeconia mwenyewe.

Koti likatundikwa kwenye msumari stoo, ng'ambo ya uwanja.

Asubuhi hiyo kebo ya mashine kubwa, nene kama kiwiko cha mtoto, ilihitaji lagi mpya, kile kikombe cha shaba kinachoshika ncha ya kebo na kufungwa kwa bolti. Gachanja alikipasha moto, akakijaza lehemu iliyoyeyuka. Jeconia akazamisha nyuzi za kebo ndani, akaishika kwa mikono miwili. Kazi yote iko hapo: usitikisike mpaka lehemu igande. Ukitikisika, kwa nje itapendeza, lakini ndani haijashika. Siku moja itapata joto na kuunguza mashine, pengine na mtu.

Askari wakaingia.

"Kitabu cha pasi!" mmoja alimwambia Gachanja.

"Kiko ndani ya koti, afande. Pale stoo."

"Nyote husema makoti yenu yako stoo."

"Ni kweli, afande," alisema Jeconia. "Ngojeni kidogo tu, nitakileta mwenyewe. Siwezi kuachilia sasa hivi."

"Nani amekuuliza wewe?"

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama kebo, hakumtazama Gachanja. "Jeconia, ukiharibu hiyo, usirudi hapa kesho."

Gachanja alivutwa kwa shati. Akageuza shingo.

"Omera, koti!"

Lehemu ilikuwa bado inameremeta kama maji. Jeconia alisikia mlango wa lori ukifungwa, kisha injini. Mikono yake haikutikisika. Lehemu ilipofifia ikawa ya kijivu, aliachilia, akakimbia stoo, akatoka na koti. Uwanjani palikuwa na vumbi.

Katika kituo cha polisi walimwambia hawamjui mtu huyo. Jumapili akalipeleka koti Ruiru. Ngendo, mke wa Gachanja, alipapasa mifuko, akatoa kitabu cha pasi, akakiweka magotini.

"Si hiki hapa? Wewe ulikuwa wapi, baba?"

"Nilikuwa pale pale. Nilikuwa nimeshika."

"Umeshika nini?"

Jeconia alitazama mikono yake. Ngendo akaanza kulikunja koti.

Miaka ilipita, na Gachanja hakurudi. Jioni mashine zilipozimwa na umeme kukatwa, Jeconia alikuwa akifungua kisanduku cha umeme cha mashine kubwa na kuigusa lagi ile kwa kidole. Kiungo kibaya hubaki na joto.

Ilikuwa baridi, kila jioni.