Ukungu Ulitutangulia Kileleni

Leo nimemharibia mwanangu kazi, kwa mdomo huu huu.

Tusekile wangu ameanza kazi ya kutembeza wageni kwenye milima yetu ya Ileje. Leo alipata wageni wake wa kwanza, wanne kutoka Mbeya. Mimi mama yake nikose? Nikafuatana nao.

Aliniambia mapema, "Mama, tufike juu kabla ya saa nne. Ukungu ukipanda hawaoni kitu."

Sasa jamani, nipite kwenye nyumba za watu bila kusalimia? Kila uwanja nilisimama. "Mnamwona binti yangu? Ndiye anaongoza wageni!" Kwa mama mchungaji tukakalishwa kabisa, tukanywa chai.

Tumefika juu saa tano imepita, nahema. Bonde lote jeupe kwa ukungu! Malawi ng'ambo hata hatukuiona.

Mgeni mmoja akauliza, "Dada, ndiyo hapa?"

Tuse akajibu kwa upole, "Ndiyo hapa. Nimewachelewesha mimi, mnisamehe."

Alisema "mimi". Hakunitaja hata kidogo.

Kushuka sikusalimia mtu. Sasa nimejinyoosha hapa, miguu siisikii.

Wamama wenzangu, hivi mtoto anaombwaje msamaha?