Kigingi cha Angani

Mama mwenye steshenari pale Ruangwa hafungi mbuzi juujuu. Hukaza fundo, kisha huivuta kamba mara tatu ndipo aondoke. Kwenye gemu la kompyuta la kujenga vituo angani ni yuleyule: akishakifunga kituo chake kwenye mwamba kisije kikaelea, hukigonga kwa chombo chake cha kurukia mara tatu aone kama kitacheza. Munira, msaidizi wake dukani na mchezaji mwenzake, humcheka.

"Mama, si kimeshashika hicho?"

"Kushika siyo kukaa," hujibu, vidole vyenye madoa ya utomvu wa korosho vikibonyeza kibodi tena.

Alhamisi gemu lilifungwa kwa marekebisho. Lilipofunguliwa, vituo vya wenzao vyote, na cha Munira cha miezi mitatu, vilivyofungwa juujuu, vilikuwa vimeelea na kupotea. Cha Mama kilikuwa palepale. Alikigonga mara tatu, akapiga kigelegele. Mbuzi nje wakashtuka, wakavuta kamba kwa nguvu. Hakuna kigingi kilichong'oka.