Ganda Likishalainika

Nilipika bokoboko la shukurani siku ileile ambayo mgonjwa wangu ndiyo kwanza alikuwa anaingia hatarini. Wala si kibakuli. Nilipika sufuria zima la ngano na nyama, nikalisonga tangu asubuhi mpaka mabega yakawaka moto, na nikaita watu waje tumshukuru Mungu pamoja. Ujinga wangu mwengine wote maishani niliufanya kimyakimya. Huu niliupakua kwenye sahani na samli juu yake.

Mgonjwa alikuwa mpwa wangu. Dada yangu alipofariki aliniachia mtoto huyo, amana, na sina mwengine wa damu aliyebaki.

Mimi ni mshonaji wa kofia. Kazi hii naipenda kwa sababu haimtaki mtu atoke. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa, na mpaka leo sijaona sababu ya kuinuka. Hapa kijijini kwetu, karibu na Mtambile, wenzangu huchuma karafuu, hufungua maduka, husafiri. Safari yangu ndefu ni kutoka barazani kwenda uani. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefanya kazi wodini miaka mingi kabla hajastaafu, huniita mwari. Akinikuta dukani hupiga yowe: "Leo nani kakufungulia mlango?"

Mpwa wangu anasoma chuo kikuu huko bara. Alikuja likizo masika hayajakatika, akawa anakaa nami uani, mimi na sindano, yeye na kompyuta mapajani, na kazi yake ya chuo ni maganda ya virusi. Asubuhi moja alinigeuzia kioo nitazame. Niliona kitu cha mviringo, miiba imesimama pande zote.

"Shokishoki," nikasema, nikidhani ni tunda.

"Mjomba! Hichi kirusi cha homa ya kidingapopo."

"Basi kwa miiba hiyo, hichi ndicho kikali."

"Hapo ndipo kila mtu anapokosea. Hichi bado kichanga. Hichi hakimwezi mtu."

Akanifahamisha kwa kofia, maana alijua ndiyo lugha nnayoielewa. Kofia niliyoimaliza kushona ni goigoi, haisimami hata uibembeleze. Naifua, naitia wanga, naivisha kopo lenye kadiri ya kichwa, naianika. Ikikauka ndipo inapokuwa kofia. Makopo ya kazi hiyo ninayo kiasi cha kumi, yamepangwa chini ya ukuta wa uani.

"Na kirusi vivyo hivyo," akasema. "Ganda lake ni vipande vya protini, mia na themanini, vyote sawasawa. Kikiundwa ndani ya seli ya mtu, vipande vinasimama kama miiba, kila ncha ina kifuniko chake. Kikiwa njiani kutoka kinapita mahali penye ukali kama wa ndimu. Pale miiba inalala chini, inajipanga upya, ganda linakuwa laini kama yai. Halafu seli yenyewe, ya mgonjwa mwenyewe, mjomba, ina mkasi wake. Inavikata vile vifuniko, kama wewe unavyokata uzi wa mwisho. Kikifika nje, vifuniko vinadondoka."

"Kisha?"

"Kisha kimepevuka. Kinatafuta seli nyengine."

Sikuipenda habari ile. Nimezoea kuamini kwamba kibaya hujionyesha. Nyoka ana meno, mwiba una ncha, jirani yangu ana mdomo. Kitu ambacho hatari yake inaanza pale kinapotulia, wewe utakikimbiaje? Nikampiga mbu aliyekuwa ananiuma kifundoni, mbu wa madoa meupe miguuni, saa nne ya asubuhi, jua linawaka. Nikamwambia mpwa wangu mimi siogopi, chandarua changu hakina hata tundu moja. Akacheka, akajikuna mguu.

Haikupita wiki mbili, akalala na homa. Macho yalimuuma kwa ndani, viungo akasema kama vinavunjwa kimoja kimoja. Kituo cha afya walimpima malaria, hana. Wakampa dawa ya kutuliza homa, wakasema anywe maji kwa wingi, na tukiona mabadiliko turudi mbio. Mabadiliko, mimi nilivyofahamu, ni ya ubaya tu.

Siku ya tatu ya homa niliweka nadhiri. Nilisema homa ikishuka nitapika bokoboko, niwalishe majirani. Siku ya tano, baada ya sala ya alfajiri, nikamgusa paji la uso. Limepoa. Nikalia kidogo, kisha nikaloweka ngano, kwa sababu nadhiri haicheleweshwi.

Adhuhuri alisema tumbo linamkata. Nikamwambia ni njaa ya siku nne. Akatapika. Nikamwambia ndiyo uchafu unatoka. Akawa kimya, kimya cha kutazama dari, na mimi nikashukuru kwamba anapumzika. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu, mwiko mkononi.

Watu wakaja baada ya alasiri. Tukasoma dua, sahani zikapita, mmoja akanisifu kwamba nyama imelainika hasa. Jirani yangu aliingia chumbani kumpa pole mgonjwa. Akatoka hakukaa hata kitako.

"Nani kakwambia huyu kapona?"

"Homa imeshuka, bibi. Mguse, hana moto tena."

"Nimemgusa. Vidole baridi kama vya maiti. Ufizi umeutazama?"

Sikuwa nimeutazama.

"Unatoa damu. Nimewaona hawa wodini, baba. Homa ikishuka ndipo pa kutoa macho. Mgonjwa anapoa, jamaa wanacheka…" Akaitazama sahani iliyokuwa mkononi mwangu, akaacha hapo.

Nikaingia ndani. "Wewe ndiye msomi," nikamwambia mpwa wangu. "Mbona hukunambia?"

"Mie nasoma maganda, mjomba," akasema polepole. "Wagonjwa sijafika."

Mgeni mmoja alikuwa na gari yake ya kubebea magunia. Tulimlaza nyuma juu ya mkeka, kichwa mapajani mwangu, na mimi mikono bado ina samli. Njia nzima nilimsemesha ili asilale. Nilimtaka anirudie habari ya ganda, na kila akisema "laini" nilimfinya bega aendelee.

Hospitali walimtundikia maji siku tatu. Nilikaa kwenye benchi la nje, mimi mwari, nikijifunza kusoma nyuso za wauguzi. Siku ya tatu aliomba uji. Kabla hatujaruhusiwa, daktari alisema kidingapopo kina aina zaidi ya moja, na aliyekwisha kuugua akapata aina nyengine, mara ya pili huweza kuja nzito zaidi. Mpwa wangu akaitikia kwa kichwa, kama anayekumbushwa kitu alichokwisha kukisoma. Likizo yake ilikuwa imebaki wiki tatu, na hana pa kukaa ila kwangu.

Kwa hivyo niliporudi nilitoka nje kwa hiari yangu, kutafuta maji wanamozaliana wale mbu wa mchana. Vifuu vya nazi nilivyokuwa nikivilimbika nyuma ya jiko kwa ajili ya kuni, nilivigeuza kimoja kimoja, vingi vina maji. Nikatupa mtungi uliopasuka, nikamwaga maji yaliyotuama ndani ya tairi bovu. Jua lilinipiga mpaka kisogo kikawasha. Nilipomaliza nikamwita jirani aje akague, nikitaraji kusifiwa.

Akavipita vifuu bila ya kuvitazama. Akaenda moja kwa moja chini ya ukuta, pale tunapokaa mimi na mpwa wangu kila asubuhi, kwenye makopo yangu ya kofia. Nilikuwa sijashona tangu ugonjwa uingie. Yalikuwa yamesimama midomo juu, mvua imeyajaza. Akaliinua moja, akalisogeza mpaka machoni pangu.

Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapanda na kushuka. Vyengine vilikwisha kujikunja, vimebadilika umbo, vinaning'inia chini ya uso wa maji. Na juu kabisa lilielea ganda moja dogo, jepesi, tupu. Mwenyewe keshatoka.

Jirani yangu akanitazama, akalimwaga kopo miguuni pangu.

"Mwanamme mzima, kutwa kucha u ndani, na bado hujui unaishi na nani."