Kinundu cha Juu ya Sikio

Ulikuwa mwaka ule tulioanza kunywa maziwa ya Uturuki. Aliyekaa Doha anaujua. Mpaka wa Saudia ulifungwa katikati ya Ramadhani, na maziwa na mtindi tuliouzoea vikatoweka madukani kama vimemezwa. Baada ya siku chache rafu zikajaa paketi zenye maandishi ambayo hata Waarabu wenyewe walikuwa wakiyageuzageuza. Uji wangu wa futari ukabadilika ladha. Wanawake wakalalamika, nikawaambia anayetaka ya Saudia aende akakamue mwenyewe.

Nilikuwa mpishi katika jumba la wafanyakazi wa usafi, Al Rayyan. Wanawake ishirini hivi, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania. Basi la kampuni linawachukua alfajiri kwenda kusafisha nyumba za watu, linawarudisha jioni miguu imevimba. Mimi nabaki na masufuria. Tangu basi liondoke hadi lirudi sikuwa na wa kuniambia hata "chumvi imezidi". Nilizungumza na friji, na friji ilinijibu kuliko wajukuu zangu kwenye simu.

Shule niliacha darasa la tatu, wala sioni haya. Lakini vichwa navijua. Kwetu Tanga mtoto haachwi na kichwa alichotoka nacho tumboni. Kinakandwa kwa kitambaa cha maji moto na mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, hadi arubaini iishe. Kisogo kinarudishwa ndani, paji linanyooshwa. Nimekanda vichwa vya mtaa mzima, na vya wajukuu wangu wote isipokuwa wa mwisho, aliyezaliwa mimi nikiwa huku. Huyo alikandwa na bibi yake wa upande wa baba. Nilimwona kwenye simu, kichwa kimechongoka kama papai. Nikalia, kisha nikawaambia mtandao mbaya, nikakata.

Ijumaa, siku yao ya mapumziko, wanawake walipanga foleni sebuleni niwasuke. Ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kushiba watu. Nikishika kichwa nasema papo hapo: "Wewe mama yako alikulaza upande mmoja." "Wewe hukukandwa kabisa, walikuacha kama ulivyoanguka." Watacheka hao! Na mimi, kwa kupenda sifa, nikaongeza: "Nipe kichwa, nitakwambia mtu." Neno hilo ndilo lililoniponza.

Msimamizi wetu, Mkenya mmoja mtu mzima aliyesoma, alilisikia. Siku moja akaja jikoni na kijitabu cha Kiingereza kilichotupwa katika nyumba moja waliyosafisha. Ndani mna picha ya kichwa kisicho na nywele, kimegawanywa vyumba vyumba kama ramani ya viwanja.

"Mama, hii ni elimu," akaniambia. "Zamani huko Ulaya madaktari walikuwa wanapapasa vichwa vya wafungwa. Kila tabia ina mahali pake kwenye ubongo. Ikitumika sana inavimba, inasukuma mfupa. Ona, hapa kisogoni ni kupenda watoto. Hapa juu, huruma. Na hapa, juu ya sikio, wizi."

"Wizi una chumba chake?"

"Na kitanda."

Nilicheka, lakini moyoni nilivimba. Miaka yote nakanda, kumbe nilikuwa daktari bila kujijua.

Baada ya Idi ikapotea bangili ya dhahabu katika nyumba ya watu. Wanawake wanne ndio waliokuwa kazini humo. Msimamizi akawakalisha sebuleni, akaniita. "Mama, wewe ndiye mwenye mikono." Ningeweza kusema hapana. Sikusema. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaanza kupapasa, uso nimeukaza kama hakimu.

Wa tatu alikuwa binti wa Kenya, mwenye mdomo kuliko wote, aliyeniita Shosho, yaani bibi kwa kwao. "Shosho, kwani kichwa changu ni nyanya? Bonyeza tu, lakini ukibonyeza unanunua!"

Wenzake wakacheka. Vidole vyangu vikafika juu ya sikio lake la kulia, vikakutana na kinundu kigumu kama tende kavu.

"Hapa pamejaa," nikasema.

Mimi nilisema mfupa tu. Lakini kicheko kilikatika. Msimamizi akaandika. Binti akanigeukia, utani umemtoka. "Shosho, umesema nini?"

Kesho yake hakupanda basi. Aliambiwa akae chumbani hadi Ijumaa, mudiri wa kampuni atakapokuja. Nikithibitisha mbele ya mudiri, anafungashwa arudi kwao na jina la mwizi. Siku tatu, mchana kutwa, tulikuwa sisi wawili tu katika jumba lile. Nilimpelekea chakula, sahani ilirudi ilivyo. Nilipomgongea, alijifunga kitambaa kichwani kwanza ndipo akafungua.

"Usinishike," akasema, akafunga.

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele. Hapo nikamkumbuka mtu ambaye Doha nzima sikuwahi kumsema kweli: mwanangu wa kwanza. Nilimkanda mwenyewe, siku arubaini bila kukosa hata moja, kichwa kikatoka kama yai, wanawake wakawa wanakuja kukitazama. Juu ya masikio laini, hakuna hata kichuguu. Na ndiye huyo aliyevunja duka la jirani yetu, akafungwa. Nikavua mtandio nikajipapasa. Juu ya sikio la kushoto, kinundu. Na mimi sijaiba hata sindano. Wizi ungekuwa unakaa kwenye mfupa, ningeuondoa kwa kitambaa cha moto, na mwanangu nisingempelekea chakula gerezani.

Ijumaa mudiri akaja, Mwarabu mpole, kanzu nyeupe, hana haraka. Msimamizi akawa mkalimani. Binti akasimamishwa mbele yangu.

"Mama, muonyeshe pale."

"Sishiki kichwa cha mtu kumtafuta mwizi."

Msimamizi akatabasamu kwa aibu. "Si ulishasema, mama? Ni kurudia tu."

"Nilisema mfupa. Mfupa hauibi. Mwanangu ana kichwa kizuri kuliko vyote humu ndani, na kafungwa kwa wizi. Mtafsirie na hilo."

Mlangoni walikuwa wamejazana wanawake ambao miaka yote nimewaambia mwanangu yuko Maskati anafanya biashara.

Mudiri akauliza kama kuna aliyeona kitu, ukiacha mambo ya vichwa. Hakuna. Basi binti hakurudishwa kwao. Alihamishiwa jumba lingine la kampuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akaendelea na kazi. Bangili sikusikia tena habari zake. Binti aliondoka bila kuniaga, na ni haki yake.

Ijumaa iliyofuata nilitandika mkeka sebuleni, nikaweka chanuo na mafuta. Hakuja mtu. Iliyofuata, vilevile. Walikuwa wakisukana wenyewe vyumbani, vicheko nasikia ukutani. Nikipita, kila mmoja anavuta kitambaa chake. Uadui haukuwepo, "shikamoo bibi" nilipewa, chakula changu walikula na sahani wakaramba. Walichoogopa ni hivi vidole. Nikawa naosha mchele mara tatu, mara nne, ili mikono ipate cha kushika.

Miezi ikapita. Asubuhi moja msimamizi akaja jikoni, anavuta maneno. Kuna wafanyakazi wapya wanaletwa.

"Mama, yale yameisha. Hawa wapya hata hawakujui. Wakaribishe, wasuke kama zamani. Halafu mimi na wewe tu, uniambie nani wa kuangaliwa."

Nilitamani, sitasema uongo. Vichwa vipya, sebule imejaa, mtu ananiegemea magotini na kulalamika kuwa namvuta nywele. Nikapunguza moto, nikamgeukia.

"Sishiki kichwa cha mtu kumtafuta mwizi."