Lundo la Palizi

Mwaka ule niliapa kwamba ng'ombe wangu hatashinda njaa tena. Nilikuwa naye mmoja tu, wa maziwa, na kiangazi kilichopita nusura nimpoteze. Funza walikuwa wameingia ndani ya mtama wake wa malisho, wakautafuna kiini ungali mchanga.

Afisa mifugo wetu hapa Haneti akanipa mbegu za desmodiamu, mmea unaotambaa, wenye majani kama ya kunde. Niliupanda katikati ya mistari ya mtama. Harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza, nao hukimbilia majani ya tembo, yale marefu ya malisho, niliyoyapanda kuzunguka shamba. Tena mmea wenyewe ng'ombe huula. Majirani walinicheka sana, nikawaacha wacheke.

Mchana mmoja nilirudi kutoka kliniki, mtoto mgongoni, nikamkuta mama mkwe ameketi juu ya mpini wa jembe, anajipepea kwa kanga. Kwetu mwanamke hupimwa kwa usafi wa shamba lake. Mama alikuwa amenionea huruma, akaja kunipalilia bila kuniambia. Desmodiamu yote ilikuwa lundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Leo nimekutoa aibu."

Nilikasirika sana. Lakini mama mkwe hafokewi. Nilimpa mtoto, nikaliburuta lundo. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, udongo ulikuwa na unyevu, na afisa alikuwa ameniambia kwamba shina la mmea ule huota likifukiwa. Nikaanza mstari wa kwanza.

"Unarudisha magugu?"

"Ndiyo, mama."

Alinuna, akaondoka na mtoto. Nilipanda hadi jua likazama, na kesho yake nikaendelea. Mashina mengine yalikufa, mengi yakashika.

Mtama ule ulisimama. Kiangazi chote ng'ombe alikula, akazaa, na kila asubuhi mama alikuja na kibuyu chake kuchukua maziwa. Habari ya lundo hatukuigusa.

Msimu uliofuata shangazi wa mume wangu alikuja kusaidia palizi. Nikiwa jikoni nilisikia mama akipiga kelele shambani. Nikatoka mbio nikidhani kaona nyoka. Nilimkuta kwenye mstari wa desmodiamu, amelikamata jembe la wifi yake kwa mikono miwili.

"Hayo usiguse, wifi! Ndiyo maziwa yetu hayo!"