Picha za Kuvizia

Kazi yangu hapa Isiolo ni picha za arusi na za pasipoti, ambapo mteja husimama wima na kukodoa macho kama mshtakiwa. Kwa hiyo jirani yangu, mchoraji, aliponiomba nipige picha kwenye maonyesho yake ya kwanza, nilivimba kichwa. Nikamwambia sitapanga mtu. Nitawavizia watu kama walivyo. Alitaka kitu kimoja tu: picha ya mtu anayetazama kazi yake. Angempelekea mama yake kule Kinna, ambaye kila akipiga simu humuuliza ataacha lini mchezo wa rangi arudi shambani.

Nilivaa fulana nyeusi, maana nilidhani wasanii huvaa hivyo, nikajibanza nyuma ya nguzo. Wageni waliingia, wakasalimiana kwa mkono mpaka mtu wa mwisho, kisha wakaketi kumngoja mgeni rasmi. Viti vilielekea meza kuu, michoro ikabaki nyuma ya visogo vyao. Nikafyatua. Nilimnasa mheshimiwa mmoja akitia sambusa mfukoni, nikacheka peke yangu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na lenzi ndefu ya kuonea ya wenzangu.

Mama wa chai ndiye aliyenikera. Alisimama na thamosi yake mbele ya mchoro wa mwanamke akipalilia vitunguu, hakubanduka mpaka alipoitwa. Aliharibu picha zangu tatu. Kadi ya kamera ilipokaribia kujaa, nilizifuta hizo kwanza.

Kesho yake tulizipitia pamoja studioni kwangu. Visogo, simu, sambusa, visogo tena. Jirani yangu alizipitia zote akitafuta mtu anayetazama mchoro, na kila niliyoisifu ilizidi kunitia haya. Mwishowe nikakiri habari ya mama wa chai. Nilitarajia anitukane. Badala yake uso ulimchangamka, akauliza ni mchoro gani. Nikamwambia ule wa vitunguu.

"Huyo anayepalilia ni mama yangu," alisema. "Basi nitamwambia kwa mdomo, kuna mtu alimwangalia." Akanigeukia. "Na wewe, ndugu yangu, ulipenda mchoro gani?"

Nilijibu kwamba nilikuwa kazini. Alasiri nzima nilikuwa nimekaa na michoro yake kila upande, na nilichokumbuka vizuri ni sambusa.